Mtaalamu Asiyekula Pweza

Jina lake nalijua. Nalijua alilopewa na wazee wake na lile la utani alilorudi nalo kutoka masomoni. Wanawake wote tuliokuwa tukishuka mwamba mmoja pale Mtoni nnaweza kuwataja mpaka leo, waliopo na waliokwishazikwa, na waume wao wa mwanzo na wa pili. Lake sitaliandika. Jina la mtu likitajwa hakukosi mmoja wa kusema Mungu amjaalie, na mie sitaki mtu huyo aombewe kwa sababu yangu. Tulimwita Mtaalamu, na hilo litatosha. Kazaliwa wapi na kwa nani, waulizeni wanaompenda.

Mie nnaloliweka hapa ni moja. Mtu huyu alitufungia mwamba wetu kwa kosa alilolijua kuwa si letu, akakaa nalo kifuani miaka saba. Nimesoma mpaka darasa la nne, sina maneno ya kupamba, kwa hiyo ntamweleza kama nilivyomwona.

Alikuwa msafi. Usafi wake ulinichosha hata kabla hajanikosea. Siku za bamvua, maji yakipwa mbali na mwamba ukitoka nje, sie tulikuwa tukishuka na makanga tumeyafunga kiunoni na vijiti vya kuchokolea pweza mashimoni. Yeye alishuka na soksi. Soksi nyeupe ndani ya viatu vya mpira, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni, na chupa ya maji matamu ya kunawia. Alinawa kabla ya kugusa mwamba, akinawa baada ya kugusa mwamba, akinawa tena ili ashike kalamu. Mwenzangu Kazija, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, alisema, "Huyu bwana akifa mwosha maiti hatakuwa na kazi."

Nitamtendea haki kwa hili: hata siku moja sikumwona kakanyaga tumbawe lililo hai. Alipita kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Lakini na sie alitutazama miguu tu. Utamsalimu, atakuitikia vizuri, macho yake yapo kwenye vidole vyako vya miguu.

Na alipenda kusahihisha. Sie tangu tuzaliwe tunaliita jiwe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe hilo, chokaa imechomwa kwa jiwe hilo, tutaliita nini? Yeye hakubali. "Si jiwe, Bi Zuwena. Ni mnyama." Ukisema tena kesho, atakusahihisha tena kesho, kwa sauti ile ile, bila ya kuchoka wala kucheka. Siku moja akamsahihisha Bi Tatu, aliyekuwa mkubwa wetu sote, bibi wa watu, mgongo umepinda. Bi Tatu akamtazama, akamwambia, "Basi mwanangu, mie nimezalia watoto saba tumboni mwa mnyama." Tulicheka mpaka Mize akaangusha pweza wake. Yeye akaandika kitu kwenye daftari.

Neno lake kubwa lilikuwa "kitaalamu". Kitaalamu mvua inakaribia. Kitaalamu chai hii imezidi sukari. Na ukimuuliza asilotaka kulijibu, alikuwa na jingine: "Hilo tutalifanyia kazi." Kwanza nilidhani ni ahadi. Nilichelewa kujua kuwa ni mlango anaoufunga.

Sasa ntakwambia habari ya kufunga kwake saumu, maana hapo ndipo tulipojidanganya, na tulijidanganya wenyewe.

Tulikuwa na ada, tukitoka mwambani mchana tunapika pamoja uwanjani kwa Bi Tatu. Pweza anapigwa, anachemshwa, anatiwa nazi, tunakula na wali au muhogo, na mgeni yeyote aliyeshuka nasi anakaa mkekani. Mtaalamu alikuwa akikaa. Sahani ikimfikia anaisogeza kwa kidole kimoja, polepole, kwa jirani yake. Mara ya kwanza tukasema anaona haya. Mara ya pili tukatazamana. Mara ya tatu Bi Tatu akatoa jibu. "Mwacheni," akasema, "hamwoni mwezi? Mwenzenu kafunga masiku meupe."

Na hesabu ilikubali. Bamvua la mwezi mpevu linaangukia kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, na sunna ya kufunga siku hizo kila mtu anaijua. Tukajiona tumekosa adabu, kumwekea mtu chakula mbele ya pua na funga yake. Mtaalamu hakusema ndiyo, hakusema siyo. Aliinamisha kichwa kidogo, basi.

Bamvua la mwezi mwandamo je? Hatukujiuliza. Mtu ukishamfanya mcha Mungu huwi tena na haja ya kuhesabu siku.

Tangu hapo alipanda kwetu. Kwenye hitima akiombwa aombe dua. Akina mama wakimpelekea watoto awasomee kichwani. Na Bi Tatu, kila bamvua la mwezi mpevu, alimpelekea futari nyumbani kwake huko nyuma ya Forodhani: pweza wa nazi ndani ya bakuli lenye mfuniko, Kazija ndiye mchukuzi. Bakuli likirudi limeoshwa linang'aa, na ndani mna tende, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Bi Tatu alikuwa akizigawa tende zile moja moja kama zimetoka Madina.

Alhamisi moja, mwezi una siku kumi na nne, tulishuka mwambani asubuhi, tukapika, Mtaalamu akasogeza sahani yake kama kawaida. Saa tisa mie nikenda Mlandege kutafuta uzi wa kushonea mikeka. Nikapita penye muuza urojo, nikamwona. Kakaa kwenye kibao, bakuli mkononi, mna bajia na mishikaki miwili, leso kaitandika mapajani asijichafue.

"Bwana Mtaalamu," nikamwambia, "jua limekwishatua?"

Akaweka kijiko chini. "Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Na funga yako?"

"Mie sikusema nimefunga."

Nikafikiri. Kweli hakusema. "Basi mbona huli chetu?"

"Pweza hapatani na tumbo langu."

"Na ngisi?"

"Na ngisi."

"Na kome? Na changu? Mwenzetu Mwanahawa alikuletea changu wa kuchoma."

Akafuta midomo. "Hilo tutalifanyia kazi," akasema.

Niliondoka nikiwa na hasira na kucheka vyote pamoja. Lakini nilimsitiri. Sikumwambia Kazija, ambaye angelitangaza kabla ya Magharibi, na sikumwambia Bi Tatu kwa sababu ya tende zake. Nilisema moyoni, mtu huyu ni wa chakula cha madukani, kaona haya kutwambia, na kila mtu ana aibu yake. Nikamfunikia ya kwake.

Haikufika miezi miwili akaifunua ya kwangu.

Sheha wetu wa wakati ule, Mzee Pandu, alituita barazani kwake, wanaume na wanawake. Mtaalamu alikuwa ametundika shuka nyeupe ukutani na mashine ya kuonyeshea picha. Alitueleza kuwa mwamba unakufa. Hilo halikuwa geni, sie ndio tuliomwonyesha: matumbawe yaliyokuwa rangi ya kahawa na zambarau yanageuka meupe, kisha yanavaa uchafu wa kijani, na pweza wanahama. Kisha akasema, "Na sasa tutazame sababu." Ikaja picha ya miguu.

Ilikuwa miguu yetu. Alitupiga picha tumeinama mashimoni, hakutwambia. Vichwa havikuonekana, na ndio aliodhani ustaarabu. Lakini mie mguu wangu wa kushoto kidole cha pili kilikatwa na chaza nilipokuwa msichana, na hakuna mtu Mtoni asiyekijua kisiki kile. Kikakaa ukutani, kikubwa kama mtoto wa mwaka, juu ya tumbawe lililovunjika. Mtaalamu akakigusa kwa fimbo. "Hiki ndicho kinachoua matumbawe," akasema.

Wanaume walianza. Mmoja, Makame, mume wa Mize, akasema, "Zuwena, bahari yote hiyo umeiua na kidole hakijatimia?" Baraza likaangua kicheko. Mzee Pandu naye alicheka, akajificha na kofia. Mtaalamu hakucheka. Alisubiri watu wanyamaze, akaendelea.

Mwezi ule ule mwamba ukafungwa. Bango likapigwa penye njia ya kushukia, na vijana wa kamati wakapewa filimbi. Mize akenda kuuza visheti Mlandege. Mwanahawa akenda kufua nguo za watu mjini. Kazija akakaanga mihogo. Mie, ambaye tangu nilipofiwa na mume wangu nilikuwa natia kitoweo ndani kwa mkono wangu mwenyewe, nikakaa barazani nasuka ukili, na mkaza mwanangu Raya ananiuliza kila asubuhi kwa adabu, "Mama, leo tupike nini?" Adabu yake ilinila zaidi kuliko matusi. Na nje watoto wakaniita Bi Kidole. Wapo wanaoniita mpaka leo, nao wana watoto wao.

Mtu mbaya mtupu ningemsahau. Huyu hakunipa nafasi hiyo, maana alikuwa na wema wake, na wema wake ulinikera kuliko ubaya.

Kabla ya kufungwa, siku moja maji yalituwahi. Bi Tatu alikuwa mbali, ukingoni kabisa, mguu ukamkaza. Sie tulipiga kelele, hatukuweza kurudi. Mtaalamu alikuwa na sanduku lake la vyombo, kitu alichokuwa akikibeba kama mayai. Alilitupa. Akavua viatu vyake na soksi zake, akakimbia pekupeku juu ya matumbawe yale yale asiyoyakanyaga, akamweka bibi mgongoni, na akatoka naye maji yamemfika kifuani. Nyayo zake zilikuwa zinatoka damu. Alimketisha mchangani, akamkamulia kanga, akamwambia, "Pole, bibi yangu." Sanduku hatukuliona tena, naye hakulitaja. Na Bi Tatu alipougua ugonjwa wa mwisho, mwamba umeshafungwa, Mtaalamu alikuwa akija kila Ijumaa na mkate laini, anamtowezea kwenye maziwa, anamlisha kwa mkono. Mie nikikaa pembeni namtazama, nataka kumchukia moja kwa moja, siwezi. Nikamchukia kwa hilo pia.

Basi ilikuwa nini? Kwa nini mtu wa namna hiyo atundike mguu wa mjane ukutani? Nililijua jibu mwaka mmoja baada ya bango, nyumbani kwake.

Zamani alinipa daftari nimwekee alama za matumbawe: duara kwa lililo jeupe, nukta kwa lililo hai. Alisema nina jicho. Mwamba ulipofungwa nikaona sina haja ya kukaa na kitu chake. Nikenda kumrudishia. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Alinipandisha juu, chumba kimefungwa madirisha yote, mna mabeseni ya maji ya bahari yanachemka mapovu kama chungu cha maharage. Moja limefunikwa kitambaa cheusi.

"Umeshuka mwambani miaka mingapi, Bi Zuwena?"

"Tangu sijavunja ungo."

"Umewahi kuliona linakula?"

Nilidhani ananitania. Akainua pembe ya kitambaa, taratibu. Ndani mna kipande cha tumbawe kama kiganja. Na lile nililokuwa nalikanyaga maisha yangu yote, limetoa mikono. Mikono midogo, mamia, laini kama ncha za nyuzi, na katikati ya kila kimkunjo cha mikono kuna kinywa. Akatia tone la maji yenye vidudu visivyoonekana vizuri kwa macho yangu, na vidole vile vikawa vinanasa na kukunja, vinanasa na kukunja. Nilisema Subhanallah. Na yeye uso wake ulikuwa kama wa mtoto siku ya Idi. Ndipo aliposahau mie ni nani, akanena.

"Sote tulikuwa tunatazama maji," alisema. "Tunapima maji, tunayaona si mabaya sana, na mwamba unakufa. Kumbe tumbawe haliumwi kwa linachooga. Linaumwa kwa linachokula."

Akanieleza, na nilielewa vizuri sana, maana ni habari ya jikoni. Mtaro ule mkubwa unaomwagia karibu na Mtoni unabeba sabuni, mafuta ya magari, dawa za kupulizia mboga, na pwani mafundi wanakwangua rangi za vyombo vya baharini, zile za kuzuia chaza wasishike, vumbi lote linakwenda na maji. Bahari inaitawanya, huioni. Lakini vijani vidogo vinavyoelea vinaifyonza. Vidudu vinakula vijani vingi. Tumbawe linakula vidudu vingi. Kila mmoja anakula na alichokwishakula mwenziwe. Na dawa hizo hazitoki mwilini kama maji yanavyotoka, zinakaa kwenye mafuta.

"Kwani jiwe lina mafuta?" nikauliza.

Hakunisahihisha siku ile. "Linayo. Linajiwekea akiba kama sie. Na haliwezi kuondoka likatafute kwengine. Linakula kinachopita."

"Na wapo wanaolila lenyewe?"

"Wapo samaki wanaolitafuna."

"Na hao wanaliwa na nani?"

Akalifunika beseni.

Hapo nikakumbuka kuwa nilikuwa na ugomvi naye. Nikamwambia, "Kwa hiyo si miguu yetu."

"Miguu nayo inavunja."

"Sikukuuliza lililovunjika. Nakuuliza hili linalokufa jeupe na zima, halina hata ufa. Ni mie?"

Alinawa mikono. Alikuwa na ndoo pale pale. Alinawa mpaka nikadhani hatajibu. "Bi Zuwena," akasema, "miguu naweza kuizuia. Mtaro siwezi."

"Basi waambie watu hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Nimeshaandika."

"Umemwandikia nani?"

"Wanaosoma mambo haya."

"Uliponitundika ukutani uliwaonyesha wasiosoma."

"Hilo," akasema, na mie nikamalizia, "mtalifanyia kazi." Nikashuka ngazi.

Nilirudi nikawaeleza wenzangu. Kazija aliacha kugeuza mihogo yake. "Alikwambia wewe peke yako?" akauliza. "Chumbani? Madirisha yamefungwa?" Wanawake wakaanza kucheka. "Na akakuonyesha jiwe linakula nyama? Kaa kivulini, Zuwena, nikuletee maji." Hawakuniamini hata mmoja. Mie ni mtu wa kidole, ninayetaka mwamba ufunguliwe. Yeye ni mtu wa tende na masiku meupe. Nilipowaambia habari ya urojo wa Mlandege, wakasema sasa nimeanza kumsingizia. Nilimsitiri mno, siri ikaoza mikononi mwangu. Nilikwenda kwa Mzee Pandu mara tatu. Mara zote aliniambia, "Leta maandishi," na maandishi yalikuwa kwa wanaosoma.

Hivyo ikatimia miaka saba tangu bango. Darajani akiniona anavuka upande wa pili, kwa hatua zile zile za chumba cha mtoto aliyelala.

Mwaka jana, kabla ya msimu wa Hija, alikuja. Nilikuwa barazani na ukili wangu. Kakonda, ana mkongojo, mkononi bahasha ya halua. Nilijua kaja kwa nini kabla hajafungua mdomo, maana anayekwenda Makka huzunguka kwanza kwa aliowakosea.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba."

"Naondoka Jumapili, Inshallah. Nimekuja kutaka radhi yako."

"Kwa lipi?"

Alitazama huku na huku. Raya alikuwa ndani. "Unalijua."

"Mie nalijua. Uliponifanyia tulikuwa na watu wangapi?"

"Wengi."

"Basi radhi ya wengi haiombwi mlangoni na halua."

"Bi Zuwena, mie mgonjwa. Ndege ni Jumapili."

"Ndege ni yako," nikamwambia, nikaendelea kusuka.

Alibaki kasimama, sikumkaribisha kitako. Mwisho akasema, "Kesho baada ya Alasiri. Barazani kwa sheha." Akaondoka na halua yake.

Alikuja kweli. Sheha wa sasa ni mwanamke, Bi Salma, alitandika mikeka. Walikuja wote waliobaki: Kazija, Mize na Makame wake, Mwanahawa, na vijana waliokuwa wakipiga filimbi ambao sasa wana ndevu. Mtaalamu akaanza, "Kitaalamu, mfumo wa..." Kazija akamkata. "Sema kama mtu."

Akasema kama mtu. Alisema tumbawe linakula, na alieleza jinsi sumu inavyopanda kutoka mtaroni na pwani, kinywa kwa kinywa, mpaka ikajaa ndani yake. Alisema aliyajua hayo kabla ya kutundika picha, kwamba waliomtuma walitaka kifungwe kitu, na miguu ya wanawake ndiyo iliyokuwa rahisi kufungwa. Alisema, "Bi Zuwena hakuua chochote." Jina langu lilitoka kinywani mwake mbele ya watu, miaka saba nililingoja, na nilisikia raha yake kifuani, sitasema uongo.

Raha ile haikukaa. Kazija alikuwa hanitazami, kwa aibu, alikuwa anamtazama yeye.

"Na pweza?" akauliza.

"Pweza sikumpima."

"Miaka yote ile unashuka nasi?"

"Kazi niliyopewa ilikuwa matumbawe."

"Na hukuwa ukimla. Zuwena alisema, tukamcheka. Bakuli za Bi Tatu ulikuwa unazimwaga?"

Aliinamisha kichwa kile alichotuinamishia mkekani. "Ndiyo."

"Hukumpima na hukumla," akasema Kazija. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ulijiogopea mwenyewe."

Bi Salma akauliza lile tulilokuwa nalo sote. "Sasa bwana, bango tuling'oe au tuliache? Wake hawa na wakwe zao wapike au wasipike?"

Watu wote wakamgeukia. "Sijui," akasema. "Wallahi, sijui."

Kisha akainuka kwa mkongojo wake akaja mbele yangu, akanyoosha mkono. "Niradhi, Bi Zuwena."

Nilimwambia, "Kwa mguu wangu nimekusamehe, nenda. Kwa pweza bado. Bi Tatu alimla mpaka mwamba ulipofungwa, akaugua, na wewe uko pale unamlisha mkate, unajua. Raya kamla na mimba zake nne. Ukirudi, umpime. Ukishampima uje tena."

"Nimestaafu. Sina tena vyombo."

"Unao wanafunzi."

Mkono wake ulibaki hewani. Sikuushika. Makame alimsaidia kushuka ngazi.

Alikwenda na alirudi, sasa wanamwita Alhaji. Mtoni hajakanyaga.

Bango Bi Salma aliling'oa wiki ile ile, maana kosa lililoandikwa juu yake limekwisha kufutwa. Bamvua la kwanza tulishuka sote, hata Mize mwenye magoti mabovu. Sikusahau shimo hata moja. Nilitoa pweza wawili wazima, wakubwa. Nilipofika nyumbani Raya alikuwa na sufuria mkononi, wajukuu zangu wamemzunguka, akanitazama tu, hakuniuliza.

Nilimpita kando, nikenda mpaka barabarani, anaposimama kijana mwenye baskeli anayewanunulia wachomaji wa Forodhani. Aliwanyanyua pweza wangu, akawapima kwa mkono, akasema wazuri. Hakuniuliza kitu kingine, na mie sikumwambia.